Mabuti ya Mwezi wa Juni

Nilikuwa nimemaliza kusimulia, tena nimemaliza vizuri, au ndivyo nilivyojiona. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Wanafunzi thelathini na kitu wa klabu ya historia walikuwa wamebanana kwenye madawati, bati juu yetu linalia kwa joto, na darasa zima limetulia ule utulivu ambao msimulizi yeyote hutamani kuuona. Nikaweka chaki chini.

Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akasimama, akaiweka sketi sawa.

"Samahani mwalimu. Kwa hiyo wale wasichana wengine, baba zao hawakuwapenda?"

Mimi si mwalimu, nilialikwa tu. Lakini shuleni mtu mzima yeyote aliyeshika chaki ni mwalimu, na mwalimu hutakiwa kujua. Nikacheka kile kicheko cha kutafuta muda. Nikamwambia swali ni zuri, tutalizungumza siku nyingine. Wakanishukuru kwa pamoja, kwa sauti ile ya kuimba, wakatoka kwenda kufua.

Swali likapanda daladala pamoja nami.

Sasa ni wiki ya tano. Nalisikia nikiwa naosha vyombo, nikiwa foleni ya benki. Naandika hapa kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

## Nilivyoisimulia

Niliwaambia habari za Gerda Weissmann, msichana wa Kiyahudi aliyezaliwa Mei 1924 katika mji wa Bielsko, kusini mwa Poland. Poland yenyewe niliwapa kwa njia ya mkato: kwao wale waliozikwa kwenye makaburi ya Tengeru. Watoto wa Arusha wanayajua makaburi yale, na wengine wamepelekwa kuyaona. Wapolandi wa Tengeru, kama 5,000 hivi walioanza kufika mwaka 1942, walikuwa wametokea upande wa Stalin, waliofukuzwa makwao wakapelekwa Siberia kabla ya kuja huku. Gerda aliangukia upande wa pili, wa Hitler, aliyewaua Wayahudi kwa mamilioni.

Nilipotamka kwamba Wayahudi wa Bielsko walihamishiwa "geto", darasa lilicheka. Kwa vijana wetu geto ni chumba cha kapera, godoro chini na spika kubwa pembeni. Ikabidi nieleze: mtaa mliotengewa, mnaonyang'anywa nyumba zenu na kusukumwa humo, mkisubiri zamu ya kuondolewa. Kicheko kikaisha.

Wajerumani waliingia Septemba 1939. Mwezi uliofuata kaka yake, Arthur, aliitwa pamoja na vijana wengine wa kiume, akaondoka. Hakurudi tena. Gerda na wazazi wake walibaki wakiishi chini kwenye ghala la nyumba yao wenyewe, halafu geto, halafu ikafika Juni 1942. Baba yake, Julius, alikuwa anaondolewa. Kabla ya kuachana alimwambia binti yake avae mabuti yake ya kuteleza kwenye theluji.

Yule binti alishangaa. Mabuti ya theluji, mwezi wa Juni? Juni kule ni kiangazi. Ni kama mzazi wa Tanga akwambie uvae sweta mbili mwezi wa Januari.

Baba akashikilia. Binti akavaa. Miaka miwili na nusu baadaye, katika baridi ya Januari 1945, aliswagwa kwa miguu kwenye theluji pamoja na wasichana wengine, baadhi yao wakiwa na viatu vilivyochakaa kabisa, na wengine wakiwa hawana viatu kabisa. Yeye miguuni alikuwa na mabuti yale yale.

Nikafunga kwa sentensi niliyokuwa nimeiandaa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo: "Mapenzi ya baba ndiyo yaliyomwokoa."

Ndiyo sentensi ambayo yule mtoto aliishika, akaigeuza upande wa pili, akanionyesha kilichokuwa chini yake.

## Mtu niliyemruka

Wiki ya kwanza nilijitetea. Nilijisemea kwamba hadithi haiwezi kubeba kila kitu, kuna vitu lazima uviache. Halafu nikaanza kuhesabu nilivyoviacha, nikaona havikuachwa kwa bahati.

Nilimruka Moshe Merin, kwa mfano.

Siku moja baada ya baba kuondoka, Gerda na mama yake, Helene, walipelekwa mahali pa kuchambuliwa. Mama akawekwa upande mmoja. Gerda, miaka 18, mwenye nguvu, akapandishwa kwenye lori upande mwingine. Alipotambua kinachotokea aliruka kutoka kwenye lori akikimbilia kwa mama yake. Mtu mmoja akamdaka, akamuuliza umri, akamrudisha juu ya lori kwa nguvu huku akimwambia kwamba bado ni mdogo mno kufa. Mama yake alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji.

Mtu huyo alikuwa Merin, Myahudi, mwenyekiti wa baraza ambalo Wajerumani walilitumia kuwatawala Wayahudi wa Sosnowiec na miji ya jirani. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu. Akiambiwa vijana wa kufanya kazi, analeta majina. Aliamini, au alijiaminisha, kwamba Wayahudi wakionekana ni mikono yenye faida, wengi watapona, na kwamba kuwatoa wachache ni kuwakinga wengi. Kuna waliomchukia kama shetani. Juni 1943 naye alipelekwa Auschwitz, akafia huko.

Huyu ndiye aliyemrusha Gerda kwenye upande wa uhai. Nikimweka kwenye hadithi yangu, atakaa wapi? Baba mwenye mapenzi na mtu wa kupeleka watu wenzake, wote wawili wamemsukuma mtoto yule yule kuelekea kesho yake, mmoja kwa mabuti na mwingine kwa kumkwida. Niliona darasa halitaelewa, nikamruka. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa sielewi.

## Watu wa kukodishwa

Kitu kingine nilichokipitia mbio ni kazi yenyewe. Nilisema "akafanya kazi za kulazimishwa miaka mitatu", kisha nikakimbilia theluji.

Wazee wetu wa pwani wana neno shokoa. Unakamatwa, unapelekwa kufanya kazi ya mkubwa, hulipwi. Neno hilo linatosha kuanzia, lakini halifiki mwisho. Kwenye eneo la Silesia kulikuwa na ofisi nzima ya biashara hii, ikiongozwa na afisa wa SS, kile kikosi cha Hitler kilichosimamia makambi, aitwaye Albrecht Schmelt. Ofisi iliwakodisha Wayahudi kwa makampuni: ya barabara, ya silaha, ya nguo. Kampuni ililipa ujira, ujira ukaingia kwenye ofisi. Mfanyakazi alipewa supu. Kilele chake kulikuwa na watu wapatao 50,000 kwenye makambi ya mtandao huo, wanakodishwa kama trekta, na trekta likiharibika halitengenezwi.

Gerda alipitishwa Sosnowiec, kisha akapelekwa kiwanda cha kufuma nguo cha Bolkenhain.

Shangazi yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na moja. Nilimpigia simu. Nilitaka aniambie inakuwaje kusimama mbele ya mashine ya kufuma. Alianza na kelele. Alisema hata leo ukizungumza naye upande wa kushoto hasikii vizuri. Halafu akasema jicho haliruhusiwi kuondoka kwenye uzi, kwa sababu uzi mmoja ukikatika na wewe hujauona, kitambaa chote kinatoka na kovu, na kosa ni lako.

"Sisi tulikatwa mshahara," akasema. "Hao wenzetu walikatwa nini?"

Nikamwambia shangazi, huko kuharibu kitambaa kungeweza kuitwa hujuma.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama walikuwa wanapewa chai.

## Bibi Kügler

Huyu nilimtaja kwa sentensi moja, naye anastahili zaidi. Msimamizi wa wasichana pale Bolkenhain alikuwa mwanamke wa Kijerumani, Kügler, mwenye sura nzito iliyomfanya Gerda siku ya kwanza aone mauti. Siku moja Gerda alikuwa kitandani na homa kali. Afisa wa SS alikuwa njiani kuja kukagua, na mgonjwa aliyekutwa kitandani alijulikana anakopelekwa. Kügler akaingia, akamvuta, akamtikisa, akamwambia ajikaze kwa sababu ni kufa na kupona, akamburuta mpaka kiwandani, akamsimamisha mbele ya mashine na kuiwasha. Afisa akapita. Akaona msichana anafanya kazi.

Gerda aliendelea kumtaja mwanamke huyu kwa wema maisha yake yote.

Ila mashine zile zilikuwa zinafuma nguo kwa ajili ya vita vya Hitler, na Kügler alikuwa anapokea mshahara wa kusimamia watumwa. Nimekaa na jambo hili nikijaribu kuligawa sehemu mbili, hii nzuri na hii mbaya. Haligawiki.

Baada ya Bolkenhain kukawa na Märzdorf, mahali pabaya kuliko pote kabla ya ule mwendo: mchana kubeba kitani, usiku kupakua makaa ya mawe kutoka kwenye mabehewa. Pale alifika karibu na reli akafikiria kujitupa. Kilichomzuia, alisimulia, ni kwamba baba yake aliwahi kumshika shingo kwa mkono na kumlazimisha aahidi hatajiua kamwe, na dakika ile akausikia ule mkono shingoni.

Nikajiona nimepona. Si unaona? Baba tena! Mapenzi ya baba tena!

Halafu nikamkumbuka Ilse.

## Tunda moja

Ilse Kleinzähler alikuwa rafiki wa Gerda tangu utotoni. Kambini walikuwa pamoja na hawakuachana. Siku moja, njiani kwenda kazini, Ilse aliokota rasiberi moja, tunda dogo jekundu la msituni linalofanana kidogo na forosadi. Hakulila. Alilitunza mfukoni kutwa nzima, na jioni akampa Gerda, likiwa juu ya jani.

Tunda moja. Mtu ana njaa ya miaka.

Hii niliisimulia darasani, na niliisimulia vizuri. Nisichosema ni kwamba Ilse alikufa. Niliona nikisema, watoto watapoteza ladha ya lile tunda.

Mwishoni mwa Januari 1945, Warusi wakikaribia, wasichana wa kiwanda cha Grünberg, ambako Gerda na Ilse walikuwa wamehamishiwa, walitolewa nje na kuamriwa kutembea. Gerda alisimulia kwamba kundi lake lilikuwa la wasichana wapatao 2,000, na kwamba mwisho wa safari walikuwa hai kama 120. Walitembea hadi kambi ya Helmbrechts, wakakaa hapo wiki kadhaa, na katikati ya Aprili wakatolewa tena, kuelekea Chekoslovakia. Karibu kilomita 560 kwa jumla. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, ila kwenye theluji, ukilala ghalani au nje, na anayekaa chini anapigwa risasi. Wengine vidole vya miguu viliganda vikakatika kama vijiti vikavu.

Ilse alifika mbali. Alifika mpaka majani yalipoanza kuota tena. Alikufa kwenye uwanda uliolowa mvua, pembeni ya Gerda, akiwa na miaka 18. Alimwomba rafiki yake amwahidi kitu kimoja, kwamba atajaribu kuendelea kwa wiki moja tu zaidi.

Wiki moja zaidi ndiyo iliyokuwa imebaki.

Hapo ndipo swali la yule mtoto liliponikaba. Mtu anayeweka tunda mfukoni kutwa nzima kwa ajili ya mwingine alifundishwa na nani? Kuna nyumba alikolelewa. Kuna mtu alimwekea yeye kwanza. Nikisema mapenzi ya baba yalimwokoa Gerda, nimesema nini kuhusu nyumba ya Ilse?

## Koti

Nitasema kitu ambacho sikupanga kukisema.

Mwaka nilipochaguliwa kwenda sekondari Njombe, nilitoka Tanga mwezi wa Januari, jasho linatiririka. Marehemu baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja mjini. Pale stendi alivua koti lake la ulinzi, zito, la mtumba, lina harufu ya mafuta ya taa, akanipa. Nikaona aibu mbele ya wenzangu. Nikalikunja nikalisukuma chini ya kiti. Ilikuwa usiku wa tatu Njombe nilipolitafuta, nikalivaa, nikalala nalo, na niliendelea kulala nalo miaka minne.

Sasa unaelewa kwa nini niliyapenda mabuti ya Gerda. Nilisimama mbele ya watoto wa watu nikasema Poland, nikasema 1942, kumbe moyoni nilikuwa stendi ya Tanga. Nilichukua mauaji ya mamilioni nikayafanya sanduku la kuwekea koti la baba yangu.

Sijui kama ni dhambi. Najua ndiyo sababu Merin hakuenea humo, wala Ilse.

## Jukwaani

Mwisho wa habari yenyewe unajulikana kwa wengi, nitaupitia haraka. Tarehe 5 Mei walifika Volary, mji wa Chekoslovakia. Walinzi wakawafungia kwenye kiwanda kitupu, wakatega bomu. Mvua kubwa ikanyesha, bomu halikulipuka. Tarehe 7 Mei likaja gari la Wamarekani, akashuka luteni kijana. Gerda, kilo 31 hivi, nywele zimekuwa nyeupe, kesho yake anatimiza miaka 21, akaona ni lazima amwonye: sisi ni Wayahudi, unajua. Luteni akachelewa kujibu. Kisha akasema na yeye ni Myahudi. Aliitwa Kurt Klein. Alizaliwa Ujerumani, akakimbilia Marekani akiwa kijana, na wazazi wake waliuawa Auschwitz. Aliomba kuwaona wale "mabibi" wengine, akamfungulia mlango, akamwacha atangulie kupita. Walioana mwaka 1946.

Kwa miaka mingi nilikuwa naishia kwenye mlango huo. Nani asingeishia hapo?

Lakini safari hii niliendelea mbele, hadi mwaka 1996, Los Angeles, usiku wa tuzo za Oscar. Filamu fupi iliyohusu maisha yake ilikuwa imeshinda. Mtengenezaji akatoa shukrani, muziki ukapigwa wa kuwaondoa jukwaani, lakini yule bibi wa miaka 71 hakuondoka. Alisogea kwenye kipaza sauti. Alisema kwamba tangu siku ile ya ukombozi hajaacha kujiuliza kwa nini yuko hapa, kwani yeye si bora kuliko wao. Akasema anawaona wale ambao hawakuishi kuonja raha ya jioni ya kawaida nyumbani, jioni isiyo na jambo lolote.

Si bora kuliko wao.

Kumbe jibu la yule mtoto alikuwa amelitoa mwenyewe Gerda, kwa maneno machache, mbele ya dunia nzima, na mimi niliyejifanya msimulizi wake nikasimama darasani nikafundisha kinyume chake. Yeye hakuacha kushukuru kwa mabuti, na katika mdomo huo huo alikataa yawe alama ya kwamba alichaguliwa. Wasichana walikufa wakiwa na baba waliowapenda mpaka mifupani, baba ambao wakati wa kuachana hawakuwa na mabuti ya kutoa, au walikuwa nayo na wakasema, Juni hii, mtoto atapata joto bure.

Gerda alifariki Aprili 2022, miaka 97.

## Alhamisi iliyopita

Nilirudi shuleni. Nilimwomba mwalimu wa zamu aniitie yule msichana, akaja mbio kutoka uwanja wa netiboli, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kujibu lile swali lako."

"Swali gani?"

Alikuwa amesahau. Mimi wiki tano silali, yeye amesahau! Nikamkumbusha. Nikamweleza habari za Ilse, za Merin, za yule bibi jukwaani. Nikamwambia kwamba wale wengine nao walipendwa na kwamba nilikosea kuiweka ile sentensi. Alisikiliza kwa adabu, jicho moja uwanjani ambako wenzake walikuwa wanamwita.

Nikamwambia haya, nenda kacheze. Alipiga hatua kama tatu, akasimama, akageuka.

"Mwalimu, na yule baba? Siku ile aliyoondoka, yeye alikuwa amevaa viatu gani?"